Mchi Uliomzidi Mama

Bushiri Huseni,
Umwe, Rufiji.
9 Julai 1995

Dada yangu Mwanawetu,

Assalaam aleikum. Kabla sijakuuliza hali niache nitambe kidogo, maana mtu asipojitambia mwenyewe atatambiwa na nani? Katika watoto wote wa marehemu mzee Huseni, bahati imenichagua mimi mdogo wako. Mimi niliyekimbizwa shule na hesabu za darasa la sita, leo nikipita Umwe wazee wananiita Dokta, na mimi naitika. Kazi ninayo, tena kwa Wazungu. Honda nyekundu ninayo, inakata mchanga wa njia ya Kibiti mpaka kuku wanahama. Nina shati la mtumba lenye nembo ya chuo kikuu cha nchi nisiyoijua, na nikilivaa hata mimi mwenyewe najiogopa. Mke wangu Zena anakusalimu sana. Na juu ya hayo yote Mungu ameniachia mama. Bi. Tatu wetu yupo hapa kwangu, anakula vizuri, analala vizuri, na amenyooka kama mchi wake.

Haya, sasa hali. U mzima? Shemeji kile kikohozi kimemwachia? Watoto wanasoma, au nao wamerithi akili za mjomba wao? Sisi huku maji ya mto yalipanda, yakatutisha, yakashuka, na mpunga umekubali safari hii. Siku hizi za ruksa kila kitu kipo dukani, toka sabuni za kunukia mpaka redio zenye macho mawili. Kinachopungua ni mtu wa kukaa naye ukaisikiliza hiyo redio.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Abubakary, yule wa mitumba anayevuka mto pale Ndundu kila mwezi kuja huko Lindi. Pamoja nayo atakupa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Nakuomba, na hapa sitanii, usikifungue mpaka umalize kusoma.

Barua yako niliipata. Uliniandikia mistari minne tu na yote ilikuwa ya kuuliza. Umesema kuna mwanamke wa huku amekuja sokoni kwenu akasema Bi. Tatu wa Umwe amekuwa kibiongo, na unataka kujua kama ni kweli, na kama ni kweli unataka uje umchukue ukae naye. Nitakujibu. Ila unanijua, maneno yangu hupita porini kwanza ndipo yatokee barabarani. Nivumilie.

Dokta Greta nilishakutajia. Alikuja Kibiti mwaka juzi akapanga vyumba viwili nyuma ya duka la mafuta ya taa. Ni bibi wa miaka sitini na kitu, na mgongo wake mwenyewe umempinda, anatembea kama mtu aliyeangusha sindano. Kazi iliyomleta ni migongo ya wanawake wazee. Alinieleza kuwa kwao wanawake wakishapita umri wa kuzaa mifupa yao huanza kuisha ndani kwa ndani, kama mti uliotafunwa na mchwa: nje unauona mti, ndani ni unga. Basi pingili za uti wa mgongo zinajisaga zenyewe. Mtu hakuanguka wala hakupigwa, ameinua ndoo tu, au amepiga chafya, na pingili imeshabonyea. Anafupika, anapinda, na wengine hawaijui hata siku yenyewe. Yeye pingili zake mbili zimekwenda hivyo. Akasema huko kwao wamechunguza wakaona wanawake weusi yanawapata kwa uchache kuliko weupe, na yeye alitaka kujua hawa wa kwetu, waliolima na kutwanga maisha yao yote, wao ikoje.

Alinichukua kwa sababu najua Kindengereko, naijua kila nyumba toka Mkongo mpaka Ngarambe, na naweza kumchekesha bibi aliyefiwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba mizani na fimbo yenye namba, kupima kimo, na kuandika daftarini.

Shughuli ilikuwa hiyo fimbo. Si unajua kwetu mtu mzima hapimwi urefu ila siku moja tu, pale wanapochukua ufito kumpimia maiti ili mwanandani wa kaburi uchongwe sawa. Sasa mimi naingia uani kwa watu na ufito wangu wa Kizungu, nataka bibi avue ndara asimame ukutani! Bibi mmoja wa Mkongo aliniuliza kama wachimbaji wamekwisha fika au nimewaacha njiani. Mwingine kule Ngarambe alinitazama toka juu mpaka chini akasema, "Kampime mamako kwanza, we Bushiri. Ukirudi salama na mimi nitasimama." Ilibidi nilale chini mbele yao nijifanye maiti anayelalamika kuwa kaburi ni fupi na miguu inapigwa na baridi. Walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakakubali. Hakuna profesa angeweza kazi ile, dada. Hilo ni la kweli, libakishe.

Basi maneno ya Dokta yakaniingia kichwani, na kichwa changu kila kitu kikiingia kinavimba. Yeye alisema kwa weusi ni wachache. Mimi nilipofika kwenye kahawa nilisema hakuna. Niliwaambia wazee Mungu alitunyima mengi lakini mifupa alitupa ya mpingo, na Wazungu wamekuja na magari yao kushuhudia. Bwana Evaristo, mganga wa zahanati, mtu wa Bukoba aliyesoma kweli si kama mimi, aliniunga mkono. Alisema kitabu chake cha chuoni kina ukurasa mzima wa ugonjwa huo na picha yake ni ya bibi wa Kizungu. Wazee walipiga makofi. Nilinunuliwa kashata mbili.

Mama naye alikuwa kwenye orodha. Siku ya zamu yake, mwishoni mwa mwaka jana, alivua ndara akaegemea ukuta, akanyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha ya pasi. Mimi nikashika fimbo, na mkono ukakataa. Mama yangu mwenyewe, nimsimamishie ufito? Nilimwambia akae, kimo chake ninacho. Nikaenda nyuma ya jiko kuliko na mchi wake. Unaujua, ule ambao baba alimchongea siku alipomleta bibi harusi kutoka Mkongo, akaukata umfike paji la uso sawasawa, ili asiiname wala asijivute. Nikaupima ule mchi. Nikaongeza upana wa kiganja kwa ajili ya utosi. Nikaandika: sentimita mia moja sitini na tatu. Nikaona nimefanya jambo la heshima na la kisomi kwa pamoja.

Sasa mwezi wa tano mama akashuka bondeni kulinda mpunga. Uliandika zamani kuwa asipande tena dungu, ule ulingo wa kufukuzia ndege, kwani ngazi ile ya vipandio saba si ya mtu wa umri wake, nami nikakujibu kwa kejeli kuwa nyinyi mliozoea ngazi za saruji hamjui nguvu za watu. Alikwenda. Nilipomfuata baada ya siku nne nilimkuta amelala chali juu ya dungu, anafukuza ndege kwa sauti na kwa kamba ya makopo aliyojifunga mguuni. Alinieleza kuwa juzi yake alikuwa anaivuta juu ndoo ya maji, akasikia kitu kimesema ka! mgongoni, kama kijiti kikavu kikikanyagwa, na tangu hapo kugeuka hawezi.

Dada, nilicheka. Nilisimama chini ya ngazi nikampa mhadhara ule ule wa kwenye kahawa. Nilimwambia yeye ni mwanamke mweusi wa Rufiji na mifupa ya namna yake haivunjiki, imeandikwa. Nikamwambia ainuke, akiendelea kulala ndipo ataganda. Mama akaniuliza kama ndivyo alivyosema Dokta. Nikasema ndivyo. Basi akainuka. Alishuka vipandio saba amenishika shingo, meno ameyabana, kisha akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Njia nzima mimi nilikuwa nasimulia habari za Honda.

Nilimpeleka kwa Evaristo. Alimwuliza miaka mingapi amelima, akasema basi ni jembe hilo pamoja na uzee. Akampa Panadol na dawa ya kuchua, na alipotaka kuandika kitu kingine nilimkumbusha ule ukurasa wake, tukacheka wote wawili juu ya kichwa cha mgonjwa. Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyekwenda pale na jibu mkononi.

Wiki tatu alilala. Alipopata nguvu kidogo alisema mpunga uko karibu kukomaa na Mwanawetu hajala pepeta ya nyumbani mwaka wa tatu huu. Tangu lije lile limashine la kukoboa la yule mfanyabiashara wa Ikwiriri, mchi umekaa nyuma ya jiko umeshika vumbi. Lakini mashine haijui kutwanga pepeta, hiyo ni kazi ya kinu. Basi mama akakaanga mpunga wake mbichi, akautia kinuni, akajikokota kuufuata mchi. Nilikuwa uani nafuta Honda. Nikamwona ameushika, ameusimamisha mbele yake, na hatwangi. Anautazama tu. Ule mchi wa kufika paji la uso ulikuwa umempita utosi kwa vidole vinne.

Aliniita. Akaniuliza, "We Bushiri, mti ukishakatwa huwa unaendelea kukua?" Nikasema hapana, mama. Akasema, "Basi ni mimi." Akauegemeza ukutani, akaenda kukaa. Pepeta ile nilikuja kumpa jirani atwange, na haikuwa na ladha.

Katikati ya Juni Dokta akafunga kazi. Alipita kutuaga. Mama alitoka mlangoni amejishika kiuno, na vibibi viwili vikakutana uso kwa uso, mmoja mweupe mmoja mweusi, wote wanatafuta sindano ile ile. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Aliniambia nimwulize mgeni wake alikuwa akitwanga nini huko kwao. Dokta hakucheka. Aliomba ruhusa, akapitisha kidole mgongoni kwa mama taratibu, toka shingoni mpaka kiunoni, akasimama naye bega kwa bega. Walilingana. Akafungua daftari, akatafuta jina, akaniuliza huyu wa sentimita mia moja sitini na tatu ni nani.

Nilimweleza habari za mchi. Ungedhani angenifokea. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni kama kuna bibi mwingine niliyempima kwa mchi. Nikamwambia hakuna, wengine wote niliwasimamisha ukutani, mamangu tu ndiye niliyemwonea haya. Wakati ule ule alimpakia mama kwenye gari wakaenda kupiga eksirei, na picha aliishika kwenye mwanga akanionyesha. Pingili tatu zimebonyea, dada. Moja ni mbichi, ya dunguni. Mbili ni za zamani.

Alisema maneno machache. Alisema yeye aliniambia ni wachache, hakuniambia hakuna. Na hao wachache ni watu, wana majina, na shida yao kubwa ni kuwa hakuna anayewatafuta, kwa sababu kila mtu ameshasadiki kuwa hawapo. Kisha akapiga mstari juu ya namba yangu, akaandika mia moja arobaini na nne. Mama sasa apumzike, asiinue kitu, asipande kitu, apate maziwa na samaki na mtu wa kuwa naye karibu. Akasema kwa upole ule ule kuwa nilichoandika mimi kingehesabiwa pamoja na vingine, na mama angehesabiwa kati ya wazima.

Hizo mbili za zamani ndizo zinazoninyima raha. Maana yake siku ile alipoegemea ukuta, ameshavua ndara, ameshanyoosha shingo, alikuwa tayari amepungua. Nimejiuliza sana kama kweli ni haya iliyonizuia. Nadhani niliona, dada. Nadhani niliona kuwa kichwa chake hakifiki pale kilipokuwa kikifika, nikakimbilia mchi kwa sababu mchi haubadiliki.

Basi nakujibu barua yako. Ni kweli. Mama amepinda. Yule mwanamke wa sokoni hakusema uongo, muongo ni mimi. Toka mwezi wa tano nimekuandikia barua mbili kuwa mama hajambo, anapanda na kushuka, nikijua wazi kuwa analia akijigeuza. Sikuficha kwa ajili yake. Niliogopa ukijua utakuja umchukue, na mimi nitabaki na nani? Zena hayupo. Ameondoka tangu Ramadhani, yuko kwa kaka zake, amesema amechoka kuishi na redio inayosema yenyewe bila kuzimwa. Salamu zake zile za juu nimezitunga mimi, kama nilivyozitunga za barua mbili zilizopita. Nyumba nzima hii aliyebaki kunisikiliza ni mama, na hata akiwa ameumia hucheka nikisema neno la kuchekesha. Nilikuwa namchekesha ili asikuandikie.

Lakini kuna jambo limenishinda. Mimi ni mtoto wa kiume, siwezi kumwosha mama yangu. Jirani huja akipata nafasi, na sasa ni mavuno, nafasi hapati. Juzi mama alikaa siku mbili hajaoga, anajifunga kanga juu ya kanga ili nisisikie harufu. Nilipotaka kumwambia neno alianza yeye kuniambia nisihuzunike. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko, karibu na ule mchi, mpaka jua likanitoa.

Nilipompa habari ya barua yako alinituma nilete msumeno. Alisimama, akaniambia niuweke mchi mbele yake niukate umfike paji la uso kama zamani, kwa sababu yeye hawezi kusafiri na mchi wa mwanamke mwingine. Nikaukata. Baba alitumia siku mbili kuuchonga na mimi nimeukata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kile kipande akakifunga mwenyewe kwa kanga yake ya zamani, akasema, "Mpelekee Mwanawetu. Asije akafika hapa akawa anamtafuta mamaye mrefu."

Sasa unaweza kufungua kifurushi. Kishike mkononi, ni shibiri moja tu. Hicho ndicho kilichopungua kwa mama yetu, mimi nikiwa namwangalia.

Njoo umchukue. Usije na lori, atakufa kwa mashimo. Tafuta gari dogo, aje amelala, na umwekee mto chini ya magoti kama Dokta alivyoonyesha. Huko una mabinti wa kumwosha na hospitali iko karibu. Mimi nitamsindikiza mpaka Ndundu. Nitasema maneno ya kuchekesha mpaka kivuko kiondoke, usinizuie.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na yule mdogo mwambie mjomba anasema hesabu za darasa la sita zina ubaya, azikabili mapema. Mama amenishika mkono hapa nilipo anasema niandike kuwa anakupenda. Nimeandika.

Nduguyo,
Bushiri Huseni

Tena: Honda haikuwa yangu, ilikuwa ya kazi, na wameondoka nayo. Kazi yenyewe imekwisha. Bahati niliyojisifia mwanzo wa barua hii ni ya uongo. Nilikuwa na mama tu.